Mkono wa Lidia

Emelyne aliyatandaza majani ya umuravumba juu ya kifuniko cha sufuria, akangoja yalegee kwa joto, kisha akayageuza kwa ncha za vidole. Lidia, binti yake, alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko, mkono wa kushoto ameunyoosha juu ya goti. Chini kidogo ya kiwiko, upande wa ndani, palikuwa na uvimbe mwekundu, mgumu, upana wake kama kizibo cha soda.

"Mama, walisema tusiguse."

"Walisema tusikune. Mimi sikuni."

"Walisema tusikune, tusipake kitu, tusifunge kitambaa."

"Majani si kitambaa. Leta mkono."

Juzi nyumba nzima ilikuwa imeitwa kituo cha afya. Bibi Apollinarie, mama wa mume wake, alikuwa amekutwa na kifua kikuu. Alishaanza dawa na nguvu zilikuwa zinarudi, lakini kila aliyelala chini ya paa moja naye alitakiwa kupimwa. Wakapigwa picha za kifua, kisha wakachomwa sindano ndogo chini ya ngozi ya mkono na kuambiwa warudi leo zisomwe. Tangu jana watu wa nyumba hiyo ya Kasokola walikuwa wanachunguliana mikono kama wacheza karata. Mkono wa Emelyne ulikuwa sawa kama meza. Wa Maiko, kitinda mimba, sawa. Wa Onesphore, mume wake, ulitoa kipele kama cha mbu. Wa Lidia ndio ulioinuka.

Emelyne hakungoja kuambiwa maana yake. Kilichovimba kina ugonjwa, kilichotulia hakina. Hilo hata mtoto angelisema. Na watu wa Ilembo walikuwa karibu kuja kumposa Lidia. Mtama wa pombe ulishalowekwa ili uote kimea, na kimea hakijui kusubiri. Viti walishaahidiwa kuazimwa kanisani. Mkono ulikuwa umechagua vibaya wakati wa kuvimba.

Umuravumba alioupanda nyuma ya choo ulikuwa umeshusha majipu, matezi, hata jino la Onesphore lililomvimbisha shavu. Basi aliwaza kwamba ukiushusha na mkono huu asubuhi hii, msomaji atasoma mkono uliotulia, na mambo yataishia hapo.

Akabandika majani. Lidia akavuta pumzi kwa meno.

"Yanaunguza!"

"Dawa isiyouma ni uji. Vumilia."

"Hodi humu!" Sauti ilitokea uani, na kabla hajakaribishwa, Salima muuza dagaa akachungulia mlangoni mwa jiko, beseni kichwani. "Dagaa wa Karema, wakavu, hawana mchanga. Eh! Mkono umefanyaje?"

Emelyne akageuka haraka, akauziba mkono wa binti yake kwa mgongo wake. "Ameungua na uji."

"Uji?" Salima akarefusha shingo. Kati ya watu wa mtaa ule, yeye ndiye aliyekuwa na shingo ndefu kuliko wote. "Mbona umeunguza duara? Uji wa siku hizi unajua kuchora."

"Dagaa leo sina haja, mama."

"Sawa, sawa. Pole mwanangu Lidia." Akaondoka taratibu, mwendo wa mtu aliyebeba kitu cha zaidi ya dagaa.

Emelyne alipoyaondoa majani, ngozi ilikuja nayo kidogo. Uvimbe ulikuwa pale pale, na juu yake limeota lengelenge la maji.

*

"Nani ameupika huu mkono?" aliuliza Oswaldi.

Oswaldi ndiye aliyekuwa mganga wa kitengo cha kifua kikuu. Aliwapokea wagonjwa nje, chini ya paa la bati lisilo na kuta, upepo ukipita huku na huku. Lidia alitazama miguu yake. Maiko akamnyooshea mama yake kidole.

"Mimi," akasema Emelyne.

"Ulikuwa unataka nini?"

"Nilitaka ushuke."

Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Oswaldi hakucheka. Alichukua rula yake ndogo ya plastiki, akapapasa kingo za uvimbe kwa kidole, akapima kukwepa lile lengelenge. "Hata tukiyaondoa majani yako, umevimba vya kutosha."

"Kwa hiyo ana TB."

"Hana. Hakohoi, hana homa, hajapungua, picha ya kifua ni safi. Ila vijidudu vilishaingia na mwili umevizuia. Yeye, na baba yake ambaye kipele chake nacho kimefika kipimo, watakunywa dawa ya kinga, mara moja kwa wiki, ili visije vikaamka. Maiko na wewe nitawaeleza baadaye. Lidia, nenda dirishani wakufunge kidonda kwanza."

Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu, na jina lingine likaitwa. Katika yote aliyosema yule mganga, neno moja ndilo Emelyne aliloondoka nalo: vilishaingia. Njia nzima ya kurudi, nyuma ya bodaboda, lilikuwa linamgonga kama jiwe ndani ya ndoo.

*

Kutoka Kasokola hadi Ilembo maneno hayahitaji nauli. Wiki haijaisha, Regina, mama yake Rénovat, akashuka kwenye bodaboda mbele ya uwanja wao, kitenge kipya, mkoba mkononi. Rénovat ndiye kijana aliyetaka kumwoa Lidia. Alikuwa na karakana ya kuchomelea madirisha na mageti kule Kashaulili.

"Karibu ndani, mama Rénovat."

"Hapa hapa panatosha. Kuna hewa."

Emelyne alileta kiti. Regina akakiinua mwenyewe, akakisogeza hadi karibu na njia, akakaa. Lidia akaja na jagi la togwa na vikombe viwili, akapiga magoti. Regina akampokea salamu vizuri, akamuuliza habari za masomo ya ushonaji, kisha akafungua mkoba na kutoa kikombe cha plastiki cha rangi ya waridi, chenye mfuniko.

"Nimiminie kwenye hiki, mwanangu. Nimekizoea."

Lidia akamimina. Kikombe alichokuwa amemletea kikabaki tupu kwenye sinia, na mkono wake wenye bendeji ukarudi haraka chini ya kanga.

Kutoka kwenye mkeka chini ya upenu, Bibi Apollinarie akainua sauti kumsalimu kwa lugha ya kwao. Barakoa ilikuwa imemfunika nusu ya uso. Waliokuwa wakimtibu walishamwambia hana tena cha kumwambukiza mtu, lakini aliivaa wageni wakija, kwa adabu tu, kama wengine wanavyovaa viatu. "Amahoro, mwanangu!"

"Amahoro, mama. Pole na kuumwa," Regina akajibu kutoka pale pale, akapunga mkono kama mtu anayeaga basi.

Walizungumza mvua, bei ya mahindi, kwaya. Hatimaye Regina akaushusha mkoba chini.

"Mama Lidia, sisi si watu wa maneno mengi. Watoto wanapendana, hilo halina ubishi. Lakini tumesikia habari za mkono."

"Ni uji..."

"Tumesikia na habari za uji." Alisema bila ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mimi nina mwana mmoja wa kiume. Tusubiri kidogo. Mkono ukirudi chini, wakampima tena ukawa kama mikono ya watu wengine, siku hiyo hiyo tunakuja na mbuzi wetu."

Emelyne alihisi kifua kinafunguka. Alikuwa ametarajia neno la kukata kabisa. "Ukirudi chini tu?"

"Ukirudi chini tu."

"Basi utarudi! Kidonda kikipona tu atapimwa tena. Nakuahidi, mama Rénovat. Utakuwa sawa kama wangu huu, tazama."

Akanyoosha mkono wake mwenyewe. Regina akautazama, akaridhika, akakisuuza kikombe chake kwa maji ya chupa aliyokuja nayo, akakirudisha mkobani.

Bodaboda ilipokwisha kuondoka, bibi akaivuta barakoa hadi kidevuni. "Amekuja na kikombe chake. Safari ijayo amwambie dereva ambebee na hewa yake, maana TB haikai kwenye kikombe."

"Mama, huu si wakati wa mzaha."

"Kwangu mimi wakati wowote ni wa mzaha. Si nimebakiza meno matatu?"

Lidia hakucheka. Alikuwa anaosha kikombe ambacho hakuna aliyekinywea. "Rénovat amenipigia. Anasema yeye hana shida na mkono."

"Rénovat hawezi kuja kuposa peke yake kama anakwenda kununua vocha," Emelyne akasema. "Tulia. Nitakwenda kwa yule mganga."

*

Alikwenda na Onesphore. Onesphore alikuwa mtu wa maneno machache. Nusu ya mwaka aliishi shambani na nusu nyingine porini kwenye mizinga yake ya nyuki, na kote huko hakuwa na mtu wa kubishana naye. Walifika alasiri, foleni imekwisha, Oswaldi anakunywa chai.

"Tunaomba binti apimwe tena," Emelyne akasema. "Akimaliza vidonge. Ili mkono utulie."

"Utavimba tena."

"Hata akimaliza dawa zote?"

"Hata akiwa bibi."

Emelyne akakaa. Oswaldi akasogeza chai pembeni, akamtazama kidogo, kama mtu anayegundua kwamba juzi alifunga mlango kabla mwenzake hajaingia.

"Mama, ngoja nieleze vizuri. Kijidudu cha TB kinaingia kwa pumzi. Kikifika ndani kabisa ya pafu, kuna chembe za ulinzi zinakimeza. Vijidudu vingi vikimezwa vinakufa. Hiki ni kibishi, kinaweza kuishi humo humo ndani ya mlinzi aliyekimeza. Basi mlinzi anaita wenzake. Wanakuja, wanakizunguka, wanabanana hadi wanafanya ukuta. Hakifi, lakini hakitoki. Mtu analima, anaimba kwaya, hajui kitu. Watu wengi wako hivyo. Wengi sana."

"Na mama yangu?" akauliza Onesphore.

"Mama yako huenda aliujenga ukuta wake zamani sana, ukamlinda. Sasa umri umekwenda, sukari imempanda, walinzi wamechoka. Ukuta ukalegea, vikatoka. Ndipo akaanza kukohoa na kuvirusha hewani."

"Na mkono?" Emelyne hakutaka kupotezwa njia. "Kwa nini mkono unavimba, kama ugonjwa umefungiwa kifuani?"

"Tulichomchoma hakina uhai. Ni vipande tu vya vijidudu vilivyokufa. Ni kama kumwonyesha mtu shati la mwizi. Ambaye hajawahi kumwona huyo mwizi atalitazama shati na kupita. Aliyewahi kupigana naye atalijua, ataita watu, watajazana pale. Kule kujazana kwa walinzi ndio uvimbe."

"Kwa hiyo ule uvimbe si adui."

"Ni walinzi. Mwizi akishakufa nao bado wanalikumbuka shati lake. Wengi hawasahau maisha yao yote."

Onesphore alikuwa ameinama, anachora chini kwa kijiti. "Mende wa mzinga," akasema.

"Nini?"

"Kuna mende wadogo, weusi, wanaingia kwenye mzinga kula asali na watoto wa nyuki. Wana gamba gumu, nyuki hawawezi kuwachoma. Basi wanawasukumia kwenye ufa, wanawazungushia ile gundi yao ya miti, wanaweka na zamu ya kulinda. Nimewakuta mara nyingi, mende yuko hai mle ndani na mzinga umejaa asali. Nyuki wakipungua, zamu ikalegea, ndipo mende wanatoka, wanazaa, asali yote inaoza, nyuki wanahama."

Oswaldi alimuuliza mambo mawili matatu kuhusu hiyo gundi, akatikisa kichwa kwa furaha. "Mfano mzuri. Ila usiupende kupita kiasi, mzee. Nyuki wako hawana vidonge. Lidia anavyo. Vidonge vinamfuata mende kule kule kwenye ufa."

Emelyne hakuwa anasikiliza habari za mende. Alikuwa anaona mkoba ukifungwa juu ya kikombe cha rangi ya waridi, na anaisikia sauti yake mwenyewe: nakuahidi, mama Rénovat.

*

Angeweza kunyamaza. Kidonda kingepona, wangesema amepimwa na mkono umetulia. Nani angekwenda kuuliza? Alilifikiria hilo shambani, akalifikiria akichota maji. Lakini Lidia angeingia kwenye nyumba ya watu na uongo mgongoni, na siku moja mtoto wake naye angeitwa kupimwa. Akamwambia Onesphore apeleke ujumbe: waje, kuna jibu.

Wakaja Jumapili baada ya misa: Polycarpe, baba yake Rénovat, dalali wa mazao mwenye tumbo na haraka, Regina na mkoba wake, na mshenga wao, Alois, mzee mwembamba aliyependa kusikia sauti yake ikizunguka. Rénovat mwenyewe, kwa desturi, hakuwepo. Walikaa uani. Lidia alikuwa jikoni, na mlango wa jiko ulikuwa umeachwa wazi kidogo.

Alois akasafisha koo. "Sisi tulipita njiani, tukaona mche mzuri. Tukasema, huu tutauomba tukaupande kwetu, utupe kivuli. Kabla hatujauomba, upepo ukatuambia jani moja lina doa. Ndiyo tumekuja kumuuliza mwenye shamba: doa limetoka?"

Kwa desturi aliyetakiwa kujibu ni Onesphore. Akasimama. Alikuwa amejiandaa, alitoa mfukoni kipande cha gundi ya nyuki, cheusi, kimefungwa kwenye gazeti, akawaeleza wageni habari yote ya mende na nyuki, pole pole, hatua kwa hatua, kama alivyoieleza kule kituoni. Kwa mtu kama yeye ilikuwa hotuba ya mwaka mzima. Alipomaliza alikuwa anatoka jasho.

Polycarpe alikigeuza kile kipande kiganjani. "Kwa hiyo huyu mende yuko hai."

"Yuko hai, ila amefungiwa."

"Ndugu yangu, mimi nanunua mahindi. Mtu akiniambia gunia lake lina fukusi lakini amewafungia kwenye kona, sinunui."

Alois akacheka hadi akashika mbavu. Onesphore alibaki amesimama, mkono umenyooshwa kudai kipande chake, uso wake kama wa mtu aliyesahau wimbo katikati ya ibada. Kutoka jikoni kitu kilianguka, sinia labda, na hakuna aliyekiokota.

Emelyne akasimama.

"Mama Lidia," Alois akasema, "tuache wazee tuongee."

"Wazee mmeshaongea. Nina jambo na mama Rénovat." Akamgeukia Regina. "Nilikudanganya. Nilikuambia mkono utarudi chini. Hautarudi. Hata tukisubiri mvua ngapi, hata akimaliza dawa, wakimchoma utavimba vile vile. Nilikuwa sijui. Sasa najua, ndiyo nakuambia."

Regina akaupakata mkoba.

"Na lile lengelenge nililisababisha mimi. Hakuungua na uji. Nilimkanda na majani ya moto ili nimdanganye mganga. Sikumdanganya yeye, na nikamuunguza mtoto." Akaunyoosha mkono wake mbele ya wote. "Lakini mmeniona mimi. Mkono wangu uko sawa kama meza, na siku ile ulipouona ulifurahi. Unajua kwa nini uko sawa? Mama mkwe wangu alipoanza kukohoa usiku, mimi nilibeba godoro langu nikaenda chumba cha mbele. Nilisema siwezi kulala. Lidia ndiye aliyeingia kwa bibi yake. Ndiye aliyemwinua akikosa pumzi, akamfuta, akafunga dirisha kwa sababu bibi aliona baridi. Alilala pale hadi siku tulipompeleka hospitali. Vijidudu alivipata pale. Mwili wake ukavikamata, ukavifunga, na yeye hajakohoa hata mara moja. Mkono wake umevimba kwa sababu alikaa. Wangu haukuvimba kwa sababu nilikimbia."

Polycarpe alikuwa ameacha kukichezea kile kipande cha gundi.

"Dawa ya kumaliza kilichofungiwa anakunywa, wala hana cha kumpa Rénovat. Muulizeni mganga, anaitwa Oswaldi, yuko kila siku. Mkitaka mkwe ambaye mkono wake hautavimba, wapo wengi. Lakini na nyie mtazeeka. Siku ya kukosa pumzi usiku, mtataka aliyeko chumba cha pili awe yupi?"

Akakaa. Kuku alikuwa anadonoa chini ya kiti cha Alois, na Alois akainamisha kichwa kumtazama.

Regina akainuka. Akauchukua mkoba. Emelyne aliinamisha uso. Akasikia kandambili zikipita mbele yake, akangoja zielekee njiani. Hazikuelekea njiani. Zilikwenda upenuni, zikavuliwa, na Regina akakaa kwenye ukingo wa mkeka wa Bibi Apollinarie.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "wewe ulianza na nini? Kikohozi au jasho la usiku?"

"Kikohozi. Jasho likafuata."

"Mama yangu alianza na jasho." Regina alikuwa anafunga na kufungua kifungo cha mkoba. "Mimi ndiye niliyelala naye. Nilikuwa msichana kama huyu wenu. Alipofariki walichoma godoro, wakachoma na nguo zangu, wakanipa kikombe changu peke yangu na sahani yangu peke yangu. Hakuna aliyenipima. Tangu siku hiyo nikikohoa kidogo tu, najua zamu yangu imefika. Polycarpe hajui. Anadhani napenda tu kile kikombe."

Polycarpe, kwenye kiti chake, alikuwa amesikia. Alimtazama mke wake kama mtu anayesoma kibao alichokipita kila siku.

"Na zamu haijafika," akasema bibi.

"Haijafika."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote hiyo."

"Basi humo ndani mwako kuna watu wanakesha, mwanangu. Wanakesha na wewe unalala. Na hata asante hujawapa." Akaivuta barakoa chini akamtabasamia na meno yake matatu. "Nenda kapimwe. Sindano yenyewe ni kama kuumwa na siafu. Siafu mdogo."

Regina akacheka, kisha akalia, na vyote viwili vilidumu muda mrefu kidogo kuliko alivyopenda. Lidia akatoka jikoni na maji. Alisimama pembeni na jagi, hajui kama amimine au asimimine. Regina akaushika ule mkono wenye kovu bichi, akaugeuza kwenye mwanga, akaupapasa kwa kidole gumba pale palipokuwa bado pagumu.

"Inauma?"

"Kidogo. Yaliuma zaidi majani ya mama."

"Mama yako," Regina akasema, "asiruhusiwe tena karibu na moto."

*

Emelyne ndiye aliyemsindikiza Regina kituoni. Polycarpe alitaka kuja, Regina akamwambia akanunue mahindi. Walikaa wawili kwenye benchi chini ya paa lisilo na kuta, siku ya kuchomwa na siku ya kusomwa, na siku hiyo ya pili Regina alikuja amevaa blauzi ya mikono mirefu, kifungo cha mkono kimefungwa, hataki hata Emelyne achungulie.

Oswaldi akamwomba akunje. Regina akafumba macho, akanyoosha mkono, uso ameugeuzia upande wa pili. Rula ikawekwa. Emelyne aliona kabla yake, akabana midomo.

"Umevimba, mama," akasema Oswaldi. "Kifua chako nimekitazama kwenye picha, ni safi. Hukohoi, hujapungua. Uko mzima. Tutakupa dawa ya kinga kama tulivyompa binti yake huyu. Wiki ya kwanza usishtuke ukienda chooni, mkojo unakuwa rangi ya Fanta."

Regina akafumbua macho. Akautazama mkono wake muda mrefu, ule uvimbe mwekundu, mgumu, ulioinuka bila haya. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba mgeni aliyekuwa anamwogopa mlangoni miaka yote alikuwa mlinzi wake mwenyewe. Kisha akaomba simu yake kutoka kwenye mkoba, akampigia mwanawe, akaongea kwa sauti iliyofika hadi kwenye foleni ya dawa.

"Rénovat? Zima hiyo mashine, sikusikii. Zima! Mwambie baba yako atafute mbuzi, Jumamosi tunakwenda Kasokola kuposa. Ndiyo, Jumamosi hii. Umuonye na Alois asituletee habari za mche." Akasikiliza. "Wangu? Umevimba, ndiyo. Acha kunicheka, mimi ni mama yako." Akamkonyeza Emelyne, akauinua mkono juu kidogo, benchi zima lione. "Tena nakwambia, umeupita wa mchumba wako."